Kifua cha Jumamosi

Kama unasoma haya ukiwa umeweka mkono kifuani, unavuta pumzi na haifiki chini, kaa kitako kwanza. Hakuna anayekukimbiza. Mimi nilikaa hivyo karibu miaka miwili, na leo naandika kwa mkono wangu mwenyewe, kwa herufi nilizojifunza ukubwani kwenye darasa la watu wazima, kwa hiyo ukikuta mstari umepinda mlaumu mwalimu. Mapafu yameumbwaje sikuelezi, maana sijui. Nitakueleza tu ilivyokuwa, huenda ukajiona humo ukapunguza hofu.

Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, mke wa Hamisi, kuli wa bandarini, na mama wa Zuhura, aliyekuwa na miaka minne wakati huo. Tuliishi Kariakoo, mitaa miwili nyuma ya soko, kwenye nyumba ya kaka yake Hamisi. Jina lake Shabani. Mimi nilimwita Shemeji, na mtaa mzima ulimwita Bwana Magodoro. Ilikuwa nyumba ya Kiswahili kama zilivyokuwa zote: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, jiko na choo uani. Paa lilikuwa la madebe yaliyopondwa, na dari haikuwapo. Kuta za vyumba ziliishia njiani, juu yake wazi mpaka paani, hata wa chumba cha mwisho akipiga chafya wa chumba cha mbele alimwitikia. Ugomvi wa mtu na mkewe tuliusikia wote, na asubuhi tukajifanya hatujui.

Chumba cha mbele, mkono wa kulia, kilikuwa cha kazi. Humo tulijaza magodoro na mito, sufi kwa mteja mwenye uwezo, mabaki ya pamba kwa asiye nao. Sufi ilikuja kwa magunia kutoka mashamba ya upande wa Buguruni. Wanaume wawili waliichapa pamba kwa fimbo mpaka ivimbe, nami nilikaa mkekani nachambua sufi na kutoa mbegu. Chumba chetu cha kulala kilipakana na hicho.

Nilipenda kazi ile, wacha niseme ukweli. Fimbo zilipokezana mlio, na nje muuza kahawa alipita anagonganisha vikombe, na harufu ya tangawizi ikaingia kwenye tundu la mlango. Madebe ya paani yalikuwa na matundu ya misumari, jua likapenya kwa vijiti vyembamba, na ndani ya kila kijiti sufi ikaelea, haipandi wala haishuki. Zuhura alikaa mlangoni akijaribu kuidaka kwa mikono miwili. Leo nimezeeka, nina nyumba ya matofali yenye dari, na bado naikumbuka nuru ile kwa mapenzi. Nakumbuka pia ilichonifanya, na hayo mawili nimeshindwa kuyatenganisha.

Madirisha yalifungwa. Hiyo ndiyo ilikuwa kanuni ya kwanza ya ufundi ule. Sufi ni nyepesi, upepo ukiingia mara moja nusu ya godoro iko barabarani na watoto wanaikimbiza, kwa hiyo mwanafunzi yeyote alifundishwa kufunga dirisha kabla hajafundishwa kushika fimbo. Na kila alasiri Shemeji alipita na sahani ya sukari guru, kila mtu kipande chake. "Kuleni, iteremshe vumbi," alisema. Tuliamini kwamba vumbi linaweza kuteremshwa na kitu kitamu likatoka kwa njia ya kawaida. Alituchagulia sisi vipande vikubwa na yeye akabakia na makombo. Huyo ndiye mtu nitakayemsema hapa, nataka ujue hivyo kabla sijaendelea.

Ilianza wakati wa kipupwe, magunia yalipokuwa mengi. Jumamosi moja nilikaa mkekani asubuhi, ilipofika adhuhuri nikahisi mtu amenifunga kamba mbavuni. Nikadhani nimelala vibaya. Jumapili ikalegea kidogo, Jumatatu zaidi, ilipofika Alhamisi nimesahau. Jumamosi ya pili kamba ikarudi.

Wapangaji walikuwa na majibu tayari, wapangaji huwa nayo siku zote. Mmoja akasema ni shetani wa Jumamosi, anataka ubani mwekundu. Mwingine akasema nina mimba. Hamisi akasema nimezidi kukaa karibu na moshi wa jiko. Hilo la jiko lilinichekesha, kwa sababu kufika vuli moto wenyewe nilikuwa siwezi kuupuliza. Nilipiga magoti mbele ya kuni, nikajaza mashavu, pumzi ikatoka kama ya mtoto mchanga. Zuhura akawa ananipulizia, mimi napepea kwa kawa. Khanga iliyokuwa inanizunguka mara moja sasa ilinizunguka mara mbili, mifupa ya shingoni ikatokeza, na sauti yangu ikawa ya bibi kizee. Muuza samaki aliniita "bibi" nikiwa nimempa kisogo, nilipogeuka akaona aibu kuliko mimi.

Hamisi alinipeleka hospitali. Ukumbi wa kungojea ulikuwa na mabenchi marefu, na benchi lilikuwa likisogea: wa mbele akiitwa, wote tunaburuta makalio nafasi moja. Nilijua umbali wa mlango wa daktari kwa idadi ya makalio. Waliniweka kifua kwenye ubao wa baridi nipigwe picha, mtu wa picha akasema, "Vuta pumzi, ishike." Nikamwambia, "Nishike ipi, bwana?" Hakucheka. Wakanipa kikopo cha makohozi nikilete asubuhi, na nilipouliza wanatafuta nini, dresa, yule msaidizi wa daktari, akatazama pembeni. Hapo nikajua wanatafuta kifua kikuu.

Neno hilo lilifika nyumbani kabla yangu. Kikombe changu kikafungwa uzi mwekundu kwenye kishikio. Sahani yangu ikaoshwa peke yake, nyuma ya choo. Zuhura akahamishiwa kwa mpangaji wa chumba cha nyuma, na mimi nikawa namsikia juu ya ukuta akiuliza mama amefanya kosa gani. Simlaumu mtu, hata mimi ningefanya vile. Lakini kama kwako kuna mgonjwa aliyefungiwa uzi kikombe, basi mpelekee chai mwenyewe kwa mkono wako na ukae naye mpaka aimalize. Mpangaji mmoja tu alinifanyia hivyo, na sijamsahau.

Vikopo vitatu vilipelekwa, kiangazi chote, na vyote vitatu vikarudi havina kitu. Wakanipa dawa ya maji ya kikohozi na kunitakia heri. Uzi ukafunguliwa, Zuhura akarudi mkekani kwangu, tukala ubwabwa kwa furaha. Jumamosi iliyofuata nilirudi kwenye sufi, na adhuhuri nilikuwa nimeinama nimeshika magoti.

Masika ndiyo iliyomleta Bi Kanta. Alikuwa mama wa Kihindu mwenye duka la vyombo, ameagiza magodoro sita ya harusi ya bintiye, na alikuja kutugombeza kwa kuchelewa. Alisimama ukumbini na sari yake ameinyanyua kwa ajili ya tope, akaanza kwa nguvu, halafu akakatiza, akatega sikio.

"Nani anapiga filimbi?" aliuliza.

"Ni mimi, Bi Kanta," nikasema. "Ni kifua."

Alinitazama hivi, akasahau magodoro. Kesho yake alinichukua mwenyewe mpaka kwa daktari wa familia yao, mzee wa Kihindi mwenye chumba kimoja juu ya duka la vitambaa. Ngazi zilikuwa kumi na tisa. Nilipumzika mara tatu, na kila nilipopumzika Bi Kanta alisimama naye akajifanya anapanga sari, ili nisione haya. Ukiwa mgonjwa, watu wa namna hiyo ndio dawa ya kwanza.

Daktari hakuanza kwa kunisikiliza kifua. Aliuliza nafanya kazi gani, halafu akauliza, "Siku gani ni mbaya kuliko zote?"

"Jumamosi."

"Na Jumapili?"

"Nafuu kidogo."

"Mnapumzika siku gani?"

"Ijumaa, daktari."

Akavua miwani. "Kwetu Bombay," alisema, "watu wa viwanda vya pamba wanaumwa Jumatatu. Wao wanapumzika Jumapili. Mwili unapumua siku moja, ukirudishwa kwenye vumbi unagoma. Mama, huna shetani. Una vumbi. Dawa yangu ni ndogo tu, dawa kubwa ni kutoka humo, au kufungua madirisha."

Niliteremka ngazi zile nalia, na Bi Kanta akadhani nimeambiwa nitakufa. Nilikuwa nalia kwa sababu mtu ameniamini.

Shemeji alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, kwa upole wake, "Mama Zuhura, nikifungua dirisha sufi yote inakwenda. Marehemu baba kafanya kazi hii hivi hivi, na mimi hivi hivi. Wewe kifua chako chepesi tu. Pumzika, usichambue tena. Nitatafuta mtu."

Nikapumzika. Nilidhani yamekwisha. Lakini nilipumzika chumba cha jirani, chini ya paa lile lile, na vumbi lilikuwa halihitaji mlango, lilipita juu ya ukuta. Asubuhi nilikung'uta mkeka nikaona weupe. Nikamwambia Hamisi tuhame. Akaniuliza tutahamia wapi, tena akauliza atamwambiaje kaka aliyemlea tangu alipofiwa na wazazi kwamba nyumba yake inaua. Tukanuniana siku nyingi, tukapeana chakula bila kuangaliana.

Kipupwe kikarudi na magunia yake. Jumamosi moja, saa ya kuchapa, Zuhura alikuwa ukumbini anacheza kombolela na wenzake. Akakimbia mara mbili, akasimama, akashika ukuta. Nikamsikia. Ile filimbi ya Bi Kanta, lakini nyembamba, ya kifua kidogo.

Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshakubali kuishi na nusu ya pumzi. Huyu ana miaka mitano. Nilijua tokea dakika ile kwamba nisipomtoa kwenye vumbi atakuwa mimi, na kwamba siwezi kumtoa bila kumvunjia heshima mtu aliyetupa pa kulala. Nilisali, nikanyamaza, nikamfunga khanga mbichi usoni kila Jumamosi, naye akaivua kila nilipogeuka. Wiki kwa wiki filimbi ikazidi.

Hapa inabidi niseme kosa langu, na ndilo lililonifanya nishike kalamu. Kulikuwa na bwana afya wa mitaa yetu, kijana wa Kichaga, Elinami, kaptula ya kaki iliyopigwa pasi mpaka inakata, baiskeli, na tochi ya kumulika mitungi atafute viluwiluwi wa mbu. Siku yake kwetu ilikuwa Ijumaa asubuhi. Sasa Alhamisi alasiri tulifanya nini? Tulifagia chumba cha kazi, tukanyunyiza maji, tukafunika magunia kwa turubai, tukafukiza ubani. Hatukumficha kwa hila, ndivyo mgeni wa serikali alivyopokelewa na watu wenye adabu. Na mimi ndiye niliyesimama mlangoni kila Ijumaa, miaka yote ile, nikasema, "Hapa stoo tu, bwana afya, karibu uani." Akachungulia, akanusa ubani, akaandika kwenye daftari lake kwamba pasafi. Mtu mmoja katika mji mzima ambaye kazi yake ilikuwa kuniokoa, nilimpeleka mwenyewe kwenye mitungi.

Ijumaa moja ya vuli alikuja kama kawaida. Shemeji alikuwa barazani na kanzu yake nyeupe, anajiandaa kwenda msikitini. Elinami alimulika mtungi wa mwisho, akazima tochi, akaniaga.

"Bwana Elinami," nikasema. Nikamsogelea, nisisikike barazani. "Njoo kesho."

"Kesho Jumamosi, mama. Mitungi yenu mizuri."

"Siyo mitungi. Njoo saa nne, wakati wanachapa. Usibishe hodi, ingia tu."

Alinitazama, akasikia kifua changu, nafikiri ndiyo mara ya kwanza alikisikia. Akaitikia kwa kichwa, akapanda baiskeli.

Sikumwambia Hamisi. Jumamosi saa nne nilikaa ukumbini na Zuhura mapajani, nikamwona Elinami anaingia na kusukuma mlango wa chumba cha kazi. Fimbo zikanyamaza. Alisimama katikati ya ile nuru niliyoipenda, kaki yake ikageuka nyeupe mbele ya macho yangu, akaanza kukohoa mpaka akatafuta ukuta wa kushika. Alipotoka alijipangusa macho. Aliingia chumbani kwetu, akapanda juu ya kigoda, akapitisha kidole juu ya ukuta, na akamwonyesha Shemeji kidole hicho.

"Mzee, nyumba hii wanalala watu wangapi?"

Shemeji alikitazama kile kidole. "Nani kakuita?" alisema.

Elinami akafungua mdomo, nikajua atadanganya kwa ajili yangu, kijana wa watu.

"Mimi, Shemeji," nikasema. "Nimemwita mimi."

Hakunitukana. Ingekuwa afadhali. Aliangalia chini, akasema polepole, "Nimekupa chumba, mke wa ndugu yangu," akaingia chumbani kwake akafunga mlango. Wiki mbili baadaye ikaja karatasi: kazi ile itoke kwenye nyumba inayolala watu.

Elinami alifanya zaidi ya karatasi. Alikwenda na Shemeji Magomeni kwa miguu, wakapata uwanja wa jamaa mmoja, wakajenga banda la makuti lisilo na kuta. Sufi je, na upepo? Alimwambia azungushe vyandarua vikuukuu pande zote nne. Upepo ukapita, vumbi likapita, sufi ikanasa, ikakusanywa jioni kwa mikono. Wachapaji wakafunga vitambaa vibichi usoni, wakalalamika, wakazoea. Mmoja alikuja kuniambia kwa siri kwamba Jumamosi yake imekuwa kama Jumatano.

Lakini Shemeji alikoma kunisemesha. Nilimwamkia, "Shikamoo, Shemeji," akajibu "Marahaba" kwa ukuta. Hamisi alikuwa katikati yetu kama mtu anayevuka barabara yenye magari pande zote mbili, na mara moja alinirushia neno kwamba nimemvua kaka yake nguo mbele ya Serikali. Nilijibu kwamba afadhali kaka kuvuliwa nguo kuliko mtoto kuvikwa sanda. Tuliogopa wote wawili nilichokisema. Na jambo la kutisha ni kwamba Zuhura hakupona upesi. Kazi ilihamia bandani, vumbi la juu ya kuta tukalipangusa kwa matambara, wiki ikapita, ya pili, ya tatu, na filimbi ipo. Nilianza kufikiri nimevunja nyumba kwa kitu kisichoponyeka. Ukifika hapo katika ugonjwa wako, pale ambapo umefanya lililo sawa na mwili haujapata habari, vumilia. Mwili ni mzito wa kusikia.

Kiangazi kilikuwa kimeshaanza. Jumamosi moja baada ya chakula cha mchana Zuhura alilala chumbani, mimi nikawa ukumbini nachagua mchele, maharage yako jikoni uani. Nilikuwa nimezoea kufanya kazi nikiisikiliza ile filimbi juu ya ukuta, kama unavyosikiliza chungu kinavyochemka bila kukitazama. Nikachagua, nikapepeta, na ghafla nikagundua sisikii kitu.

Ungo ulianguka, mchele ukatapakaa ukumbi mzima. Niliingia mbio nikapiga magoti, nikaweka sikio kifuani kwake, sikusikia, nikaweka mkono, na kifua kikapanda. Kikashuka. Kikapanda. Amefunga mdomo, anapumulia puani, jasho dogo juu ya mdomo kama mtoto yeyote wa watu mchana wa Dar es Salaam.

Nikakaa chini nikalia kwa sauti. Shemeji alikuwa barazani. Akaja akakanyaga mchele, akasimama mlangoni mwetu, na kwa mara ya kwanza tangu vuli akaniita.

"Mama Zuhura! Kuna nini? Mbona simsikii?"

"Amelala, Shemeji," nikasema. "Amelala tu."

Alisimama akatega sikio. Muda mrefu. Halafu akavua kofia, akakaa sakafuni pale pale mlangoni, mgongo kwenye mwimo, akafunika uso kwa kofia yake, na nikaona mabega yake yanatetemeka. Harufu ya maharage kuungua ikatufikia kutoka uani. Hakuna aliyeinuka.